Jina Juu ya Kitambaa Cheusi

Kwa karibu miaka arobaini hakuna mtu aliyekufa katika mtaa wa Nakhla, mjini Nasiriya, bila Chasib kumwandika. Kazi yake ilikuwa tanzia. Alichukua kitambaa cheusi, akakitandaza juu ya meza ndefu, akakikaza kwa misumari minne, kisha akaandika kwa rangi nyeupe na ya manjano jina la marehemu, ukoo wake na mahali pa matanga. Bango likishaning'inizwa kwenye pembe ya njia, mtaa umearifiwa. Aliyekuwa akienda sokoni aligeuza njia akaenda kutoa pole. Aliyekuwa na ugomvi na marehemu alisimama chini ya kitambaa kile akasamehe, au akashindwa kusamehe, lakini hakuuliza kama habari ni ya kweli. Mkono wa Chasib haukuwa umesema uongo hata siku moja.

Hakuzaliwa na kalamu mkononi. Mpaka umri wa miaka ishirini alikuwa mchoma matofali, hajui herufi ya kwanza wala ya mwisho. Mwaka ule serikali ilipotoa amri kwamba kila mtu mzima asiyejua kusoma aende darasani baada ya kazi, wenzake walikwenda wakinung'unika, na wengine walikwenda kusinzia. Yeye alikwenda na vumbi la tanuri kwenye nyusi, akakaa mstari wa mbele. Alipoweza kusoma kibao cha duka la mkate peke yake, kwa sauti, barabarani, alilia mbele za watu wala hakuona haya. Tangu hapo akaamini kwamba neno lililoandikwa limekwisha kupimwa na mtu kabla ya kuandikwa. Aliliheshimu kama watu wanavyouheshimu mkate: akilikuta limeanguka chini, kwenye kipande cha gazeti, aliliokota akalibusu akaliweka juu ya ukuta.

Sanaa yenyewe alifundishwa na Hajj Mizhir, mwandishi wa tanzia aliyemtangulia. Mzee yule alimpa brashi tatu na sharti moja. "Jina la maiti," alimwambia, "hutoka kinywani mwa mwenye maiti. Akija jirani, mrudishe. Akija imamu, mrudishe. Muulize kila anayekuja: nani kakwambia? Mpaka aje wa damu yake, atamke jina, nawe usikie."

Sharti hilo lilimwokoa zaidi ya mara moja. Wakati mmoja watu walimjia mbio, eti Shnawa muuza ndege amekata roho, aandike upesi. Chasib akakaa juu ya kiti chake. "Nani kakwambieni? Nileteeni mwanawe." Mwana alipokwenda kumtazama baba kwa mara ya mwisho, baba akapiga chafya. Shnawa aliishi miaka sita baada ya siku ile, na kila asubuhi alipopita mbele ya duka alichungulia ndani akapaza sauti: "Ustadhi! Bado hujaniandika?" Naye Chasib humjibu, "Rangi imeniishia, rudi kesho."

Lakini dunia haikai mahali pamoja. Upande wa pili wa njia, Hadi, mwanamume wa miaka thelathini mwenye mdomo usiotulia, alifungua duka la kuchapa mabango ya plastiki. Mashine yake ilitoa tanzia kwa nusu saa, yenye picha ya marehemu, maua na njiwa. Wateja wakahamia huko mmoja mmoja.

"Ustadhi, umefika herufi ya ngapi?" Hadi alipenda kumtania kutoka mlangoni pake. "Maiti wangu mimi wameshazikwa, wako wangali wanakausha rangi!"

"Maiti wako wanapauka jua la mwezi mmoja," Chasib alijibu bila kuinua kichwa. "Na chini yao kuna namba yako ya simu. Huoni haya? Mtu anakwenda kwa Mola wake na tangazo la biashara miguuni."

Mteja mmoja hakumhama, ingawa hakuwa na maiti wa kumwandikisha. Huyo alikuwa Mama Dhirgham, mjane aliyekaa nyumba ya tatu kutoka dukani, muuza malai, krimu nzito ya maziwa ya nyati. Mumewe alifariki mtoto akiwa wa kunyonya, na mtoto huyo mmoja alikuwa ndiye mtaji wake wote wa dunia. Zamani Chasib alimwandikia kwenye sanduku lake la kuuzia: *Malai ya Mama Dhirgham*. Mama hakujua kusoma. Alimwomba amwonyeshe lipi kati ya yale maneno ni jina la mwanawe, akalitazama mpaka akaliweka moyoni: nukta mbili juu, na mwishoni mkia unaoshuka. Hilo ndilo neno pekee alilolijua, nalo alilijua kwa mkono wa Chasib.

Kila Ijumaa alimletea bakuli.

"Chukua, Chasib, kabla sijabadili nia."

"Mama Dhirgham, utaniua kwa mafuta haya."

"Ukifa wewe nani atakuandika? Hadi? Kula, uishi."

Vuli ile vijana waliingia barabarani. Walitaka kazi, walitaka maji yasiyonuka, walitaka nchi. Wakapiga mahema kwenye uwanja karibu na daraja, na risasi zikaanza kuwafuata. Ukifungua televisheni ulimkuta mpishi akijaza wali kwenye bilingani. Basi watu wakaacha televisheni, wakawa na simu. Mwenye simu ndiye aliyekuwa mwandishi wa habari: alipiga picha moshi, alipiga picha bajaji zikibeba majeruhi, akazituma zikazunguka mji kabla moshi wenyewe haujatua. Bila hao, waliokufa wangekufa kimyakimya kama mbwa wa jalalani.

Ukurasa uliosomwa kuliko yote pale mjini uliitwa Macho ya Daraja. Hakuna aliyejua mwenyewe ni nani, na ilikuwa heri wasijue, maana wenye kurasa walikuwa wakitafutwa. Chasib alijua. Mwenyewe alikuwa Hawra, kitinda mimba wake, msichana wa miaka ishirini na minne mwenye shahada ya ualimu na asiyekuwa na shule ya kumwajiri. Aliendesha ukurasa ule akiwa chumba cha nyuma ya duka, katikati ya mikebe ya rangi.

"Nani kakwambia?" baba alimuuliza kila alipoona ameandika jambo.

"Baba, picha yenyewe inasema!"

"Picha haina kinywa, binti yangu."

"Na kitambaa chako kina kinywa?"

"Kitambaa changu kina masikio. Kilisikia kwanza."

Hawra alicheka, lakini si kwamba hakusikia. Aliuliza, alipiga simu, alifuta alipokosea. Chasib kwa siri alikuwa akijivuna. Alimwona binti yake kama mwandishi wa tanzia wa zama mpya, na alipokuwa peke yake alichukua kompyuta ndogo ya mkononi, ile ya kugusa kioo, akasoma ukurasa mzima kutoka juu mpaka chini, pamoja na maoni ya watu, kwa kidole, kama alivyosoma kibao cha duka la mkate.

Kisha ikaja asubuhi ile. Risasi zilianza alfajiri upande wa darajani, zikaendelea mpaka jua likapanda. Simu zikawa haziiti. Mtandao ulikuja na kukatika kama pumzi ya mgonjwa. Saa mbili Hawra akatumiwa picha: kijana amelazwa ndani ya bajaji, kichwa kimening'inia, fulana ya manjano imelowa damu. Hawra akaiweka ukurasani na kuandika maneno haya tu: *Nani anamfahamu kijana huyu? Amepelekwa hospitali gani?*

Chasib aliitazama juu ya bega la binti yake. Fulana ile aliijua. Mwenye fulana alikuwa amepita nayo mbele ya duka jana yake, akamrushia chungwa.

"Dhirgham," alisema.

"Najua, baba." Hawra alikuwa tayari anavaa abaya lake. "Nakwenda hospitalini kuuliza. Mjomba wake, Sattar, nasikia katoka kumtafuta tangu alfajiri. Usimwambie mtu kitu mpaka nirudi. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Alibaki peke yake na kile kioo. Akaanza kusoma maoni. Wa kwanza aliandika: *Huyu ni Dhirgham wa malai, mtaa wa Nakhla.* Wa pili: *Ya Rabi.* Wa tatu: *Mungu amrehemu.* Wa nne: *Innalillahi, shahidi mwingine.* Wakafuatana hivyo, majina anayoyajua na asiyoyajua, walimu, mawakili, hata daktari mmoja wa meno, kila mmoja akimwombea rehema. Chasib alihesabu kwa kidole mpaka mia mbili na kumi na nne. Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba kijana yu hai. Na yote yalikuwa yameandikwa.

Wakati huohuo, kutoka upande wa nyumba ya Mama Dhirgham, akasikia kilio cha wanawake.

"Ustadhi!" Hadi alisimama mlangoni pake, macho mekundu, hata yeye utani ulikuwa umemtoka. "Umeona? Dhirgham wetu! Picha yake ninayo, ile ya harusi ya binamu yake. Nawasha mashine."

Hapo ndipo Chasib alipoteleza. Aliliona bango la plastiki juu ya mlango wa mama yule, lenye njiwa na maua, na chini yake namba ya simu ya Hadi. Akasema moyoni, hapana. Mtoto niliyemwandika kwenye sanduku la malai hataandikwa na mashine.

Sharti la Hajj Mizhir halikumtoka akilini. Alilikumbuka, akabishana nalo. Baba wa kijana ni marehemu, aseme nani? Mjomba hapatikani. Na mama analia, nimuulize vipi? Na vinywa mia mbili na kumi na vinne si vinywa? Na kilio kile? Akatandaza kitambaa. Akaandika huku machozi yakimdondoka, akiyapangusa kwa mkono wa kanzu yasiharibu rangi, na katika maisha yake yote hakupata kuandika vizuri hivyo. Nukta mbili juu. Mkia wa mwisho akauvuta, ukashuka polepole, ukatua.

Saa tatu na nusu alikuwa juu ya ngazi kwenye pembe ya njia, akifunga kamba ya mwisho. Alidhamiria kisha arudi, aoge, avae nguo nyeusi, aende kutoa mkono wa pole.

Mlango wa tatu ukafunguliwa. Mama Dhirgham akatoka, kikapu cha mkate mkononi, na nyuma yake jirani wawili wakimsihi. Alikuwa akiwakemea.

"Simu! Simu! Wiki iliyopita simu zenu zilimuua Jabbar muuza samaki, na juzi kaniuzia samaki aliyeoza. Maiti anaweza kumdhulumu mtu? Waliao ni wa nyumba ya nyuma, Mungu awape subira, mtoto wao wameiona maiti yake kwa macho. Mimi wangu hajaniletea mtu habari. Ondokeni mkachemshe chai, mwanangu atarudi ana njaa."

Akainua uso.

Chasib, juu ya ngazi, aliyaona macho yake yakipita juu ya maneno yote asiyoyajua, yakafika kwenye lile moja, yakasimama. Kikapu kikamteleza.

"Chasib," alisema. Sauti yake haikuwa kubwa. "Nani kakwambia?"

Chasib alifungua kinywa. Swali lilikuwa lake, yeye ndiye aliyewauliza watu miaka yote ile. Aliona kile kioo na kidole chake kikihesabu. Akashika kamba asianguke.

Mama hakungoja. "Ukiwa umeandika wewe," alisema, "basi."

Akakaa chini pale pale njiani, kama mtu aliyechoka na safari. Hakupiga ukelele, hakujipiga kifua. Aliweka kiganja juu ya moyo, kisha akaegemea ukuta. Wanawake walimbeba ndani. Moyo wake ulikuwa na maradhi ya siku nyingi, na daktari aliyefikiwa kwa tabu katikati ya mji uliokuwa ukiungua alifika baada ya swala ya alasiri, ikawa ameshatangulia.

Hawra alirudi jioni, miguu imevimba. Alikuwa amezunguka hospitali zote mbili, amefunua shuka asizotaka kuzifunua, asimwone Dhirgham. Alipofika pembe ya njia akaliona bango. Aliingia dukani uso umemsawijika.

"Baba, nani kakwambia?"

"Wote," Chasib alisema, akamwonyesha kioo. "Wameandika wote."

"Mimi niliuliza, baba! Niliuliza tu!"

Kesho yake asubuhi simu ya Sattar ikapatikana. Alikuwa Basra. Dhirgham alikuwa ametolewa mjini kwa gari la mizigo, yeye na majeruhi wengine wanne. Risasi ilipita pajani, akavuja damu nyingi, wakamshona. Alikuwa macho. Alikuwa akiuliza kama mama yake amekwisha pata habari, asije akaogopa.

Hawra aliandika ukurasani kwamba kijana yu hai. Waliomwombea rehema jana walikuwa mia mbili na zaidi; waliosoma kwamba yu hai wakaandika neno, walikuwa saba. Chasib alichukua ngazi, akapanda, akafungua kamba zake nne. Hadi alitoka akamshikia ngazi. Bango la plastiki alikuwa amelichapa, lakini hakuwa amelitundika. Mashine ilikwama akangoja wino, likatoka kwa kuchelewa.

Mama Dhirgham alizikwa bila tanzia. Hakuna aliyethubutu kumwomba Chasib, na Sattar alikataa ya Hadi.

Siku ya pili ya matanga Chasib alivaa nguo nyeusi akaenda kwenye hema la wanaume. Walimpisha nafasi, lakini hawakumtazama. Mazungumzo yalikuwa juu ya ukurasa.

"Macho ya Daraja ndio waliomuua," mwanamume mmoja alisema. "Wallahi, mwenyewe akijulikana, ukoo umfuate mpaka ndani."

"Atajulikana tu," mwingine akaitikia. "Mtu anaweka picha ya mtoto wa watu kama anauza nyanya."

Mwenye dele akafika, akammiminia Chasib kahawa chungu. Chasib akaipokea, asiinywe. Akakiweka kikombe chini, mbele yake, kwenye mkeka. Hema zima likanyamaza, maana mgeni akiweka kahawa chini ana haja, na haja yake ni nzito.

Sattar, mwenye matanga, kaka wa marehemu, alikuwa na macho ya mtu asiyelala tangu Basra. Alikitazama kile kikombe muda mrefu. Ada inasema mwenyeji amwambie mgeni anywe, haja yake imekubaliwa, kabla hata hajaisema.

"Sema kwanza," Sattar alisema.

Watu wakaguna. Chasib akainamisha kichwa. Aliona ni haki.

"Ukurasa uliuliza," alisema. "Uliuliza nani anamjua na kapelekwa wapi. Aliyejibu ni mimi. Dada yako aliambiwa na simu, akaicheka. Aliponiona mimi nimeandika, akaniamini. Mwenye ukurasa msimfuate. Mkimfuata mtamkuta nyumbani kwangu, ni binti yangu, na nimewatajia mwenyewe ili msitafute. Dhima hii ni yangu. Ukoo uamue fidia, nitaibeba."

Nje bajaji ilipita ikipiga honi.

"Fidia," Sattar alirudia. Alitikisa kichwa. "Jana nilikuwa nikimwambia mtoto kwa simu, mama yako hajambo, anakuchemshia chai. Nikisema hivyo huku ameshazikwa. Sasa niambie, ustadhi, mimi na wewe, nani mwongo zaidi?" Kisha akasema, "Hatuchukui fidia ya kitambaa. Kunywa kahawa yako. Imepoa."

Chasib akainywa. Ilikuwa chungu na imepoa.

Alifunga duka. Brashi zilikauka zikawa kama vijiti vya kuwashia moto. Watu walipokuja wenye maiti wao, aliwaelekeza ng'ambo kwa Hadi kwa kidevu tu. Hawra hakuufunga ukurasa. Siku tatu hakuandika kitu, na katika siku hizo tatu watu kumi walikuja usiku na mchana kwenye maoni kuuliza waume zao na watoto wao, na televisheni ilikuwa ikionyesha mpishi. Akarudi. Ila sasa, chini ya kila picha ya majeruhi, alifunga mlango wa maoni, akaacha namba ya kupiga. Wengi walimtukana kwa hilo. Baba yake alimsikia akiongea na wageni kwa simu, sauti ya chini: "Wewe ni nani wake? Hapana, si rafiki. Nitafutie wa damu."

Siku ya thelathini na sita baada ya kifo, mlango wa duka ukagongwa. Chasib alifungua. Dhirgham alikuwa amesimama juu ya magongo mawili, amekonda, ndevu zimemwota.

"Salamu alaikum, ami."

Chasib alimvutia kiti.

"Nasikia ninalo bango langu hapa," kijana alisema. "Nionyeshe."

"Mwanangu, usi—"

"Nionyeshe, ami."

Lilikuwa kwenye kasha, chini ya nguo za marehemu mkewe. Chasib akalikunjua juu ya meza. Dhirgham aliegemea meza akalisoma lote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayesoma barua.

"Umeniandika vizuri," alisema hatimaye. "Huu mkia umeuvuta kweli. Sijui kama nilistahili mkia mrefu hivi."

Chasib akafunika uso kwa viganja. Kijana akamwacha alie, hakumfariji. Kisha akasema, "Jumatatu ni arobaini ya mama. Nataka umwandike."

"Mkono wangu haufai tena. Nenda kwa Hadi."

"Nilitoka kwake. Kakataa. Kasema hii si kazi ya mashine." Akapangusa pua kwa kiganja. "Mama aliuamini mkono wako kuliko simu, ami. Kuliko watu. Wewe sasa unataka nimtundike plastiki?"

Chasib akainuka, akatafuta kitambaa, akakikaza kwa misumari. Brashi moja ilikubali kulainika baada ya kulala katika mafuta. Alipokuwa tayari alianza kwa mazoea, kama wanavyoandikwa wanawake wote wa mji ule, kwa jina la mtoto: Mama... na mkono ukasimama hewani. Neno lililofuata lilikuwa lile lile, lenye nukta mbili na mkia.

Dhirgham aliona.

"Jina langu limeshakaa juu ya kitambaa cheusi mara moja," alisema. "Inatosha. Andika lake."

"Jina la mwanamke, barabarani? Watu watasema."

"Waseme. Wameshasema mangapi?"

Chasib akakifungua kile kitambaa, akatandaza kingine. Akashika brashi. Miaka yote ya bakuli za malai, na jina la mama yule hakulijua. Hakuna aliyekuwa analijua. Akamgeukia kijana.

"Nitajie," alisema. "Kwa kinywa chako."

Dhirgham alijaribu, sauti ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika. Chasib alingoja. Rangi ilikuwa inakauka kwenye ncha ya brashi, akaichovya upya, akangoja.

"Fakhriya," Dhirgham alisema. "Fakhriya binti Zayir Wannas."

Waliliandika pamoja, mmoja kwa mkono, mwingine kwa kusimama. Lilipokauka, kijana alilikunja lile bango lake la zamani, akalibana kwapani pamoja na gongo. "Hili nalichukua. Siku yake ikifika nitakuwa nimekuokolea kazi." Chasib hakucheka, naye hakuwa amesema ili achekwe.

Jumatatu asubuhi Chasib alipanda ngazi kwenye pembe ileile. Hadi alimshikia. Muuza mkate alisimama na toroli lake, akasoma, akakunja uso, akasoma tena.

"Ustadhi, Fakhriya ni nani? Mtaani kwetu hayumo."

"Ni Mama Dhirgham."

"Loo!" Muuza mkate alivua kofia. Alimuuzia mkate miaka ishirini. "Sikulijua jina lake. Nawe nani kakwambia?"

Chasib alifunga kamba ya mwisho, akakaza fundo.

"Mwanawe," alisema. "Kwa kinywa chake."